"Hii ni i7, mama, chukua": umuulize nini muuzaji wa kompyuta kabla hujatoa hela

Ndugu washauri, habari za kazi.

Binti yangu anaanza diploma ya uhasibu mwezi ujao, na chuo kimesema kila mmoja aje na kompyuta mpakato yake. Mimi nauza vitenge Segerea, kompyuta naiona kwa wenzangu tu. Nimejibana nimefikisha Sh650,000, na hiyo ndiyo yote, begi na mausi humohumo.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo. Sijafika mbali, winga akanidaka pale Aggrey, akanipandisha ghorofani kwenye fremu moja. Nikaonyeshwa HP EliteBook 840: "i7, mama, RAM 8, diski 500, imetoka Ulaya," Sh480,000. Duka la pili nikaonyeshwa Dell Latitude, wakasema i5 ya kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256, refabu (iliyotumika ikafanyiwa ukarabati), Sh620,000, waranti wiki mbili, na betri "inakaa saa nne". La tatu lipo Posta: mpya kabisa ndani ya boksi, Celeron, RAM 4, diski 64, Sh550,000, waranti mwaka mmoja.

Kijana wa jirani anasema i7 ni i7, nichukue ya kwanza nibaki na chenji. Kaka yangu anasema mpya ni mpya. Mimi kila niliyemuuliza swali alinijibu vizuri na haraka mno, ndiyo maana nikarudi nyumbani na hela yangu. Nikirudi niwaulize nini hasa, ambacho hawataweza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Na yule winga nimkwepe kabisa?

Mama wa binti, Segerea

*

Mama, walikujibu haraka kwa sababu maswali yenyewe yalikuwa ya kujibika kwa mdomo. Ni nzima? Nzima. Betri inakaa? Saa nne. Imetoka Ulaya? Ulaya kabisa. Safari hii kila swali limalizie kwa "nionyeshe", jibu ulisome kwenye mashine. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Ukaguzi wa kweli unakula dakika 40 hadi saa nzima, na Jumamosi mchana hakuna muuzaji wa Kariakoo atakayekuachia kaunta yake muda wote huo. Nenda na binti. Bebeni simu yenye bando, kalamu, spika za masikioni, na flashi isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itachomekwa kwenye mashine za watu na virusi havibagui.

Swali la kwanza: "Prosesa yake namba ngapi?" Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Akisema "i7", hajajibu. i7 ni daraja tu, haikwambii ni ya mwaka gani. Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inayosema. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ilitoka mwaka 2013, ina viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba). i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ilitoka 2017, ina viini vinne. Hiyo i5 inaiacha mbali ile i7, na kijana wa jirani mfikishie salamu hizo. Namba ikiwa na tarakimu tano, mbili za mwanzo ndizo kizazi: i5-10210U ni cha kumi. Angalia pia zile za mtindo wa i5-1135G7. Hapo ni 11, siyo 1.

EliteBook 840 uliyoonyeshwa nayo umetajiwa nusu ya jina. Nusu ya pili ni G na namba yake. 840 G1 ni ya kizazi cha nne, G3 cha sita, G5 mara nyingi cha nane. Kwa nje zinaweza kumchanganya mtu asiyezizoea, na bei inayokaa chini hivyo kwa kitu kinachoitwa i7 mara nyingi ina G ndogo nyuma yake. Muulize tu: "Ni G ngapi?"

Kizazi tunakishikilia kwa sababu moja kubwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizi i5 na i7, inadai, kwa jumla, kuanzia kizazi cha nane pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha nne, na itawaka, itapendeza. Ila Microsoft haiahidi kuiletea maboresho ya usalama. Kwa hiyo "ina Windows 11?" ni swali bovu, maana jibu litakuwa ndiyo kwa zote tatu.

Sasa mwambie muuzaji: "Izime, iwashe, unifungulie BIOS." Ni ukurasa wa mipangilio unaoishi kwenye ubao wa mashine na kuonekana kabla Windows haijaamka. Kwenye Dell, ukishawasha, gonga F2 mfululizo. Kwenye HP ni F10. ThinkPad ni F1. Tunaupenda ukurasa huu kuliko ule wa ndani ya Windows kwa sababu mtundu anaweza kubadilisha jina la prosesa ndani ya Windows likasomeka anavyotaka yeye. Kwenye BIOS utasoma prosesa, kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikiwa kazini), na namba ya mashine. Hiyo namba ya mashine (Dell huiita Service Tag, herufi na tarakimu saba) iandike kwa kalamu yako, kisha igeuze mashine ulinganishe na iliyobandikwa chini. Zikitofautiana, ama ubao umebadilishwa, ama kava la chini ni la mashine nyingine. Si lazima iwe mbaya, lakini uliza kilitokea nini, na bei ishuke. Namba hiyohiyo utaisoma tena wakati wa kufungasha, usije ukakagua moja ukabebeshwa nyingine.

Na BIOS ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana? Shukuru, toka. Akikwambia "hiyo haisumbui, utatumia tu," ujue mwenye mali wa kwanza bado ana mlango wake humo ndani.

Kufuli lingine ni gumu zaidi kuliona, na ndilo linalowaliza wengi wanaonunua za Ulaya. Kampuni za huko zikibadilisha kompyuta za wafanyakazi, za zamani huuzwa kwa mafungu. Nyingine zinaondoka zikiwa bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni, na usajili huo unafuata mashine yenyewe, siyo Windows. Msafirishaji akiweka Windows upya bila intaneti, hakuna kinachoonekana. Dukani inang'aa. Miezi sita baadaye binti anaiweka upya kwa sababu imekuwa nzito, anaunganisha intaneti, inatokea skrini ya kumkaribisha kazini kwenye kampuni asiyoijua, ikidai barua pepe ya ofisi yao. Wa kuiondoa kwenye orodha ni kampuni hiyo tu. Fundi atakuzungushia kwa kuweka Windows bila intaneti, lakini ukirudia tena kuiweka upya, kampuni imerudi. Kwa hiyo omba hivi: "Iweke upya mbele yangu, na intaneti iwe imewashwa tangu mwanzo." Tumia bando lako. Inaweza kuongeza saa moja kwenye ukaguzi, na wengine watakataa. Akikataa, sharti liandikwe kwenye karatasi ya waranti kwamba ikitokea mashine inadai akaunti ya kampuni, hela inarudi yote. Alama ndogo ya kukusaidia: pitisha kidole juu ya kava na chini yake. Gundi ya mstatili mdogo ni mahali palipokuwa stika ya mali ya ofisi. Ukiipapasa, zidisha kuuliza.

Betri. "Inakaa saa nne" ni maneno. Mwambie achomoe chaja, halafu bonyezeni kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, andikeni cmd, Enter, kisha andikeni powercfg /batteryreport na Enter tena. Itawaambia imehifadhi ripoti wapi, ifungueni. Tafuteni mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, kinachoingia leo. Tuseme wa kwanza unasoma 50,000 mWh na wa pili 27,000. Betri hiyo imebaki na asilimia 54. Mashine ya ofisini ikifanya kazi za kawaida hula takriban wati 10, na 27,000 mWh ni wati-saa 27, kwa hiyo 27 kugawa kwa 10 ni kama saa mbili na dakika 40. Hiyo ndiyo "saa nne" ya muuzaji. Chini ya asilimia 60 hesabu gharama ya betri nyingine ndani ya bei, na umwambie hivyo waziwazi, karatasi mnaiona wote. Iacheni iendelee bila chaja muda wote wa ukaguzi. Betri ya mfano wetu itashuka asilimia kama tisa kwa robo saa. Ikishuka 15 au zaidi huku mnaangalia tu skrini, au ikizimika ghafla ikiwa bado inaonyesha 40, betri imekufa hata kama ripoti inaisifia.

Chaja ichomekwe baadaye, na iangaliwe. Nyuma yake pawe na volti na ampea: 19.5V na 3.34A ni wati 65, ndizo mashine nyingi za namna hii zinazohitaji. Dell za tundu la mviringo zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja inayoitambulisha kwa mashine. Chaja ya kuigiza ikishindwa kujitambulisha, mashine inaandika onyo inapowaka, inajipunguza kasi, na betri haijai. Mtu atapeleka kwa fundi akidhani betri imeharibika, kumbe chaja. Hakikisha taa inawaka na asilimia zinapanda mbele yako.

Diski: "Ni SSD au ile ya kuzunguka?" SSD haina kinachozunguka ndani. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nendeni kwenye Performance, aina ya diski imeandikwa pale, na RAM pia, pamoja na idadi ya nafasi zilizotumika. Ile "500" ya fremu ya juu karibu hakika ni diski ya kuzunguka. Nafasi ni kubwa, lakini ni ya polepole na inaumia ikidondoka au ikitikiswa kwenye daladala huku imewashwa. SSD ya 256 inatosha kabisa kwa mwanafunzi wa uhasibu. Mafaili ya Excel hayali nafasi. Lakini nayo inachakaa, kwa hiyo binti apakue programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo kwenye ile flashi kabla hamjatoka nyumbani. Ukiifungua inaonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizowashwa. Kwa diski ya kuzunguka angalieni mistari yenye alama 05, C5 na C6. Ikibadilika rangi kuwa njano, diski imeanza kupoteza sehemu zake. Iacheni.

Kama flashi imekataa, mashine zenyewe zina kipimo cha ndani kisichohitaji Windows: HP, gonga F2 inapowaka, Dell, gonga F12 uchague Diagnostics. Kipimo kifupi hakimalizi muda mrefu.

Mengine ni ya macho na vidole, yapiteni upesi. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, pamoja na vile vya pembeni. Za Ufaransa zinaanza na A mahali pa Q, za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, na stika za kubandika juu yake hubanduka. Skrini iwekwe nyeupe tupu, kisha nyeusi, mtafute madoa na mwanga unaovuja. Ulizeni pia ukubwa wa picha: 1920 kwa 1080 inaonyesha safu nyingi zaidi za Excel kuliko 1366 kwa 768, na mhasibu atashinda humo mchana kutwa. Fungua na kufunga kava kwa kushika pembe moja, usikilize bawaba. Ikilia au plastiki ikiachia pembeni, hiyo itapasuka. Unganisha wayafai ya simu yako, cheza video dakika kumi, weka kiganja chini: joto la kawaida sawa, lakini feni ikipiga kelele kama jenereta kwa video moja, kumejaa vumbi au ile dawa ya kupoozea prosesa imekauka. Hilo linatengenezeka, na mwenye kulitengeneza awe muuzaji, kabla hujalipa.

Ile mpya ya Posta, kaka yako ana hoja kuhusu waranti ya mwaka, lakini tazama ndani ya boksi. Windows 11 kiwango chake cha chini kabisa cha kukubali kuingia ni RAM 4 na nafasi ya GB 64. Hiyo mashine inaanzia pale pale sakafuni. Windows yenyewe, maboresho yake, Excel na programu ya mahesabu kama Tally, nafasi imekwisha kabla ya mtihani wa kwanza. Muulize: "RAM inaongezeka? Diski inabadilishika?" Kwenye Celeron (prosesa ya daraja la chini) za bei hiyo diski huwa ni eMMC, yaani kijichipu cha kuhifadhia kilichochomelewa kwenye ubao, na mara nyingi RAM pia. Ikiwa hivyo, utakachonunua leo ndicho atakachomaliza nacho chuo. Hatungeichukua. Na kama kuna atakayekuonyesha Chromebook kwa bei ya kutupa, hiyo haipokei Tally wala programu za Windows za kusakinisha.

Windows iliyomo ni halali? Kitufe cha dirisha na R, andika slmgr /xpr. Kidirisha kikitaja tarehe ya kuisha badala ya kusema imeidhinishwa moja kwa moja, basi imewashwa kwa njia ya mkato, hata tarehe ikiwa ya mwaka 2038. Programu zinazofanya kazi hiyo ndizo zinazokuja na virusi, na ukimkuta muuzaji amezima kinga ya virusi ya Windows, mara nyingi ni kwa ajili yake. Za ofisi nyingi zina leseni yake ndani ya ubao tangu kiwandani, kwa hiyo kuweka upya kwa njia safi, jambo ambalo tayari umemwomba muuzaji, kunaweza kulimaliza na hili.

Kuhusu winga: usimkwepe, ila ujue anakula kwenye tofauti ya bei, na mashine siyo yake. Swali lake ni moja: "Risiti itatoka kwa nani?" Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Jina liwe la duka lenye kibao juu ya mlango, siyo la kijana aliyekushika mkono barabarani. Risiti iwe ya EFD. Utaambiwa kuna bei ya risiti na bei bila risiti, na VAT itatajwa kama adhabu. Bila risiti huna duka la kurudi, na mashine ikija kutafutwa na mwenyewe huna cha kuonyesha polisi. Kwenye risiti au ankara ya mkono iandikwe modeli na ile namba ya mashine uliyoinakili.

Waranti ya wiki mbili ichambue: inagusa nini? Betri na chaja wengi huzitoa. Ikiharibika unapewa nyingine, unatengenezewa, au unarudishiwa hela? Fundi wao akichukua siku kumi, siku hizo zinahesabiwa? Majibu yaandikwe, kwa sababu ukutani kumebandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Kwa hesabu hizi tungeanzia duka la pili. Namba ya prosesa ikisoma 8 mwanzo, ripoti ya betri ikizidi 60, na SSD ikiwa na afya nzuri, ni mashine ya kumaliza nayo diploma. RAM 8 inatosha, na Latitude nyingi za umri huo zina nafasi mbili, hivyo inaweza kuongezwa mbeleni. Hakikisha tu kwenye ule ukurasa wa Performance. Ukikuta betri iko 54, usiondoke. Fungua ripoti, muonyeshe, ashushe bei kwa kiasi cha betri mpya, au aibadilishe papo hapo mrudie kipimo. Begi na mausi viombe mwisho kabisa, mkishakubaliana bei.

Jambo moja la kalenda. Chuo ni mwezi ujao na waranti ni wiki mbili tangu tarehe ya risiti. Msiifunge kwenye boksi kungoja kufungua. Binti aitumie kila siku tangu jioni ya kwanza, saa tatu nne mfululizo, nusu kwa umeme nusu kwa betri, kwa sababu ubao wenye ufa kwenye risasi ya kuchomelea na RAM inayolegalega huwa havijionyeshi dukani mashine ikiwa baridi.